Maumivu hupita wapi mwilini, na kila dawa huyakatiza wapi?

MkufunziKamukunji

Habari zenu wadau. Nafundisha huduma ya kwanza kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji: wafua mabati, wachomeleaji, watengenezaji wa masanduku, majiko na masufuria. Somo lijalo ni maumivu, na sitaki kuwasomea majina ya dawa tu. Fundi akipewa kitu hutaka kujua ndani kinaendaje, na maswali yao ni ya aina hiyo. Haya ndiyo yaliyorudiwa sana:

Nyundo ikitua kidoleni, maumivu huja mara mbili, kwanza makali ya ghafla, halafu mengine mazito yanayokaa. Kwa nini? Kwa nini mtu hukisugua kidole bila kufundishwa na yeyote, na kweli kikatulia? Inakuwaje mtu akatwe na bati, aendelee na kazi, ashtuke tu akiona damu? Kwa nini kidonge kinachotuliza jino hakifui dafu kwa mzee wa kisukari anayelalamika nyayo zinamchoma usiku? Na yule anayemeza vidonge vya kichwa kila siku, kwa nini kichwa hakimwachi?

Naomba majibu yenye vipimo na sababu. Maneno kama neva na protini hayawaogopeshi. Wanachochukia ni kuambiwa "ni kawaida".

Neva_Parklands

Mkufunzi, anza na hili, kwa sababu majibu yako yote yanategemea hapa: kidoleni hakuna maumivu. Kidoleni kuna taarifa ya hatari. Maumivu yenyewe hutengenezwa ubongoni, baada ya taarifa kupita kwenye uti wa mgongo na vituo vingine, na kila kituo kinaweza kuipunguza, kuikuza au kuizuia kabisa. Ukubwa wa maumivu na ukubwa wa jeraha ni vitu viwili tofauti. Mara nyingi huenda pamoja, mara nyingine hupishana kabisa.

Kuhusu maumivu kuja mara mbili. Neva zinazobeba taarifa ya hatari ni za aina mbili. A-delta zina utando mwembamba wa mafuta, mielini, na hupeleka mapigo ya umeme kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Neva za C hazina mielini, nazo hujikokota kwa mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Kutoka ncha ya kidole cha mkono hadi kwenye uti wa mgongo ni kama sentimita 80. Piga hesabu nao ubaoni: kwa mita 16 kwa sekunde, taarifa ya A-delta inafika kwa sekunde 0.05. Ya C, kwa mita 1 kwa sekunde, inafika baada ya sekunde 0.8. Hiyo nafasi katikati ndiyo wanayoisikia. Kwenye kidole cha mguu nafasi ni pana zaidi kwa kuwa njia ni ndefu. Mkono wenyewe huruka kabla hata mtu hajasikia chochote, maana amri ya kuukunja hutolewa ndani ya uti wa mgongo bila kusubiri ubongo.

Ncha ya neva inajuaje kwamba kitu ni cha moto? Mwaka 1997 kikundi cha David Julius huko California kilitambua protini inayoitwa TRPV1. Ni mlango kwenye utando wa neva. Joto likikaribia nyuzi 43 za Selsiasi unafunguka, sodiamu na kalsiamu huingia, neva inapiga. Kapsaisini ya pilipili huufungua mlango huohuo bila joto lolote, ndiyo maana tunasema pilipili "inachoma" na kweli ubongo hauoni tofauti. Maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki majini. Maziwa husaidia, maana mafuta na protini zake huibeba. Kuku nao wana mlango huu, ila wao kapsaisini haiufungui, hivyo hudonoa pilipili bila tatizo. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, ambaye kikundi chake kiligundua milango inayofunguliwa na mguso na msukumo.

Kizingiti cha nyuzi 43 si cha kudumu. Seli zikipasuka humwaga potasiamu, asidi na ATP (kemikali ya nishati ya seli), kisha tishu iliyoumia hutengeneza bradikinini na prostaglandini. Kemikali hizi hushusha kizingiti hadi joto la kawaida la mwili litoshe kuufungua mlango. Kidole kilichopondwa huuma bila kuguswa, na maji ya kuoga ya uvuguvugu yakikipata huhisi kama yanachemka.

Kutoka hapo taarifa huingia sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo, inavukia upande wa pili, inapanda hadi talamasi, kituo cha katikati ya ubongo, na kusambazwa: eneo moja la ubongo linasema ni wapi na ni kiasi gani, maeneo mengine yanaamua inakera na kutisha kiasi gani. Halafu kuna njia inayoshuka, na watu wengi hawaijui. Katikati ya shina la ubongo kuna eneo ambalo likiamka hutuma amri chini hadi kwenye uti wa mgongo, na huko hutolewa serotonini, noradrenalini na enkefalini, ambayo ni mofini (dawa kali ya maumivu) ya mwili wenyewe. Taarifa ya hatari inapungua kabla haijapanda. Huyo fundi wa bati aliyeendelea kukata yuko hapa. Henry Beecher, daktari wa Kimarekani, aliwaona askari waliojeruhiwa vibaya katika Vita vya Pili vya Dunia ambao wengi wao hawakuomba dawa ya maumivu, ilhali akili zao zilikuwa timamu.

Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields walionyesha kwamba wagonjwa waliong'olewa magego ya mwisho na kupata nafuu kwa dawa isiyo na kitu, nafuu hiyo ilizimwa na naloksoni, dawa inayozuia mofini. Kwa hiyo nafuu ya matumaini ina kemia yake. Usiruhusu mtu darasani aseme "alikuwa anajifanya".

TibaViungo_Umoja

Naongezea kuhusu kusugua. Mguso na msukumo husafiri kwenye neva nene za A-beta, mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Zikifika kwenye uti wa mgongo huziamsha seli ndogo zinazozuia zile zinazopandisha taarifa ya hatari. Ronald Melzack na Patrick Wall waliieleza mwaka 1965, wakaiita nadharia ya lango. Baadhi ya michoro yao ilirekebishwa baadaye, lakini kiini chake, kwamba uti wa mgongo huchuja kabla ya kupitisha, hakijatikiswa. Mashine za umeme mdogo tunazobandika mgongoni hutumia njia hii.

Kwa hiyo waambie: sugua *kando* ya jeraha, si juu yake, na kusugua hakutibu kitu. Kidole kilichopondwa kiinuliwe juu ya usawa wa moyo, kiwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 10 hadi 15, pete ivuliwe mara moja kabla kidole hakijavimba. Damu ikijikusanya chini ya ukucha, maumivu ya kudunda hutokana na shinikizo mahali pasipo na nafasi ya kupanuka. Tabibu hutoboa ukucha tundu dogo kwa kifaa safi na nafuu huja papo hapo. Wasifanye wenyewe kwa msumari uliochomwa motoni. Mfupa wa ncha unaweza kuwa umevunjika chini ya ukucha, na tundu chafu hupeleka wadudu hadi mfupani.

FamasiaNgara

Nachukua upande wa vidonge.

Prostaglandini alizozitaja Neva hutengenezwa na kimeng'enya kiitwacho COX. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji huo, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo dawa hizi hufanya kazi *kwenye jeraha*, pale penye uvimbe: jino, kifundo kilichoteguka, maumivu ya hedhi. Mahali pasipo na prostaglandini, hazina cha kuzuia.

Kwa mtu mzima, ibuprofeni ya kununua bila cheti ni miligramu 400, mara tatu kwa siku, baada ya kula, isizidi 1,200 kwa siku. Shida ni kwamba prostaglandini zilezile hulinda utando wa tumbo na hufungua mishipa ya damu ya figo. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na aspirini, au mjamzito asimeze bila daktari. Mchomeleaji aliyetoka jasho mchana kutwa bila kunywa maji, akameza diklofenaki tumbo tupu, anaziumiza figo zake katika saa mbaya kabisa. Kosa ninaloliona kaunta kila mara ni mtu kununua ibuprofeni huku mfukoni ana diklofenaki, akidhani ni dawa mbili tofauti. Ni kazi ileile mara mbili. Nafuu haiongezeki, vidonda ndivyo vinaongezeka.

Parasetamoli ni nyingine. Hutuliza maumivu na homa, ila uvimbe haiugusi sana. Vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane ndani ya saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe kila siku apewe kiwango cha chini zaidi, na hicho akipange tabibu. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi, si kwa kijiko cha chai cha nyumbani. Ikizidi, ini hutengeneza kemikali ya sumu kuliko linavyoweza kuisafisha. Kinachonitisha ni kwamba siku ya kwanza mtu huonekana mzima. Manjano huja siku ya pili au ya tatu, ini likiwa limekwisha kuungua. Dawa ya kukinga ipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Aliyezidisha apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Sasa kichwa cha kila siku. Vidonge vingi vya dukani vya kichwa ni mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Mtu mwenye kipandauso au kichwa cha mara kwa mara akimeza mchanganyiko kama huo siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, vidonge vyenyewe huanza kuleta kichwa. Kwa parasetamoli pekee au ibuprofeni pekee kikomo ni siku 15 kwa mwezi. Mfumo wa maumivu hujirekebisha kuelekea upande wa pili: dawa ikiisha mwilini, kichwa kinarudi, anameza tena. Tiba ni kuziacha. Siku chache za kwanza kichwa huzidi, na asipoambiwa mapema atarudi kwenye kibanda kununua. Mwambie aandike kwenye kalenda kila siku anayomeza kidonge. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo.

Na nyayo za mzee wa kisukari. Hapo neva yenyewe ndiyo mgonjwa. Inapiga bila sababu, hakuna uvimbe wa kutuliza, kwa hiyo ibuprofeni inakosa pa kushika na figo zake za kisukari zinalipia. Dawa zinazosaidia ni za cheti, na hufanya kazi kwenye uti wa mgongo. Amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku kwa kuanzia, huiongezea nguvu ile njia inayoshuka kwa kubakisha noradrenalini na serotonini. Gabapentini hushika milango ya kalsiamu ili neva imwage kemikali kidogo. Zote huanza polepole, na amitriptilini huchukua wiki kadhaa, basi asiitupe siku ya tatu akisema imeshindwa. Amitriptilini hukausha mdomo, hulewesha usingizi na huweza kumziba mkojo mwanamume mwenye tezi dume. Gabapentini hupunguzwa kipimo kama figo ni dhaifu.

Muulizeni pia dawa nyingine anazotumia. Metformini ya miaka mingi hushusha vitamini B12, na isoniazidi ya kifua kikuu hukausha B6. Zote mbili huchoma nyayo vilevile, na tibayo ni vitamini.

MkufunziKamukunji

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Swali la moto. Wachomeleaji husema: "Nimeungua lakini haiumi, ni kidogo." Tena wengine hupaka dawa ya meno au mafuta ya kupikia. Na maji ya mfereji hayapo kila siku kwenye vibanda.

Muuguzi_wa_Ajali

Mkufunzi, hilo la "haiumi" liandike kwa herufi kubwa ubaoni. Jeraha la moto lililoishia juu juu huuma vibaya sana kwa sababu ncha za neva ziko hai na zimewashwa. Lililoteketeza ngozi yote limeteketeza na ncha zake. Katikati pamekuwa peupe, pa kahawia au pagumu kama ngozi ya ngoma, ukigusa hasikii. Maumivu yapo pembeni tu. Huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali, na yule anayepiga kelele mara nyingi ana jeraha litakalopona lenyewe. Wa tatu ni aliyepigwa na stima: ngozi ina alama mbili ndogo, ndani misuli imepikwa na moyo unaweza kukosa mpigo. Huyo aende hata kama anasema yuko sawa.

Hatua ya kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, dakika 20, na yanafaa hadi saa tatu baada ya kuungua. Joto hubaki ndani ya tishu na kuendelea kuipika baada ya chuma kuondoka. Maji huliondoa, hivyo jeraha haliendi chini zaidi, na milango ya TRPV1 inafunga. Mfereji ukiwa mkavu, mtungi wa lita 20 unatosha: mimina kwa kikombe au jagi, lita moja kwa dakika, polepole, jeraha liwe juu ya beseni. Kila karakana iwe na mtungi mmoja umejaa, kifuniko kimefungwa, na usiguswe kwa kazi nyingine. Lowesha jeraha tu na mfunike mwili kwingine, hasa mtoto, asije akapoa kupita kiasi.

Barafu hapana: hubana mishipa ya damu na kuua tishu iliyokuwa na nafasi ya kupona. Dawa ya meno, mafuta, yai, unga, hapana: vinabakiza joto ndani, vinaingiza vijidudu, na hospitalini lazima tuvikwangue ili tuone kina cha jeraha, kazi inayomuumiza mgonjwa kuliko moto wenyewe. Malengelenge yasipasuliwe. Baada ya maji, funika kwa karatasi nyembamba ya plastiki safi ya jikoni, ilazwe juu bila kuzungushwa na kukaza. Hewa ikikatwa kwenye ncha za neva zilizo wazi, maumivu hushuka papo hapo. Uso, mikono, sehemu za siri, viungo, au eneo linalozidi kiganja cha mwenyewe, apelekwe.

Karakana_Kariobangi

Naomba kuuliza hapohapo. Daktari wa meno alidunga ganzi na bado jino lilisikika wakati wa kung'oa. Dawa ilikuwa mbovu? Pia kuna jirani amepewa mofini kwa saratani, familia inasema hiyo ni dawa ya kufia.

Meno_SouthC

La jino lina hesabu yake. Lidokeni, dawa ya ganzi tunayodunga, huziba mlango wa sodiamu kutoka *ndani* ya neva, kwa hiyo lazima kwanza ivuke utando wa mafuta, na inavuka ikiwa haina chaji ya umeme tu. Katika tishu yenye afya, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ni 7.4, na kama robo ya dawa haina chaji. Penye usaha pH hushuka. Ikifika 6.4 inabaki kama asilimia 3. Dawa ni nzima, imekwama nje. Tena neva iliyovimba imeshushiwa kizingiti na inapiga kwa kitu kidogo. Kuongeza sindano papo hapo penye usaha hakusaidii sana. Tunadunga mbali na usaha, kwenye shina la neva kabla halijafika kwenye taya hilo, tunatoa usaha kwanza, na wakati mwingine tunasubiri siku kadhaa. Kuna kikomo pia: lidokeni yenye adrenalini isizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito. Ikizidi huanza na ganzi ya midomo na mlio masikioni, kisha degedege.

Na mgonjwa ajue kwamba neva nyembamba huzimika kabla ya nene. Kusikia kusukumwa na kuvutwa ni kawaida hata ganzi ikiwa imeshika barabara. Kusikia makali si kawaida. Ainue mkono, daktari asimame.

Tiba_Shufaa

La mofini nalijibu kwa uzito kwa sababu hofu hiyo huwaacha watu wakiumia bure. Mofini hushika vipokezi vilevile vya enkefalini. Kwenye uti wa mgongo huzuia neva ya C kumwaga kemikali zake na kuituliza seli inayopokea, na ubongoni huiamsha njia inayoshuka. Haiharakishi kifo ikipimwa inavyotakiwa. Mgonjwa wa saratani hupewa mapema kwa sababu ya maumivu, hata akiwa na miezi au miaka mbele yake.

Ya kunywa, mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanzishwa kwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, kwa saa, si kwa kusubiri maumivu yarudi. Sababu ni ileile ya uti wa mgongo: taarifa ya hatari ikigonga mfululizo, seli za uti hujifunza kupiga kwa nguvu zaidi, na kuyashusha maumivu yaliyokwisha kupanda huhitaji dozi kubwa kuliko kuyazuia. Wengi huongezewa dozi ya usiku ili walale hadi asubuhi. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui kamwe, hivyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na mofini. Familia ikisahau hilo, mgonjwa huacha mofini kwa sababu ya tumbo. Figo zikiwa dhaifu, mabaki ya mofini hujikusanya, na daktari hupunguza dozi au kurefusha muda. Dalili ya hatari ni usingizi usioamshika na pumzi chache. Hapo ni hospitali mara moja.

Jirani aelekezwe Nairobi Hospice, iliyoko eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta tangu 1990, au kitengo cha tiba shufaa (cha kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito) cha hospitali anayotibiwa. Waende na chupa ya dawa na daftari lenye saa za kila dozi.

TibaViungo_Umoja

Nirudi kwa jambo moja kwa sababu mafundi wengi wanakuja na mgongo. Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, si picha ya maumivu. Katika uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2015, diski (mto ulio kati ya pingili za mgongo) iliyotokeza ilionekana kwa asilimia 30 ya watu wa miaka 20 na asilimia 84 ya watu wa miaka 80, na hao wote hawakuwa na maumivu ya mgongo. Maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi tishu imekwisha kupona. Kilichobaki ni uti wa mgongo na ubongo vilivyozoea kukuza taarifa. Kukosa usingizi, hofu ya kukosa kazi na kulala kitandani mchana huikuza zaidi. Atembee kila siku, aanze na umbali asioumia kesho yake, aongeze kidogo kila wiki. Siku nzuri asifidie kwa kubeba mabati mara mbili.

Ila ganzi mapajani kwa ndani na makalioni, mkojo kugoma, mguu kuishiwa nguvu, homa na jasho la usiku, au kukonda: hayo si ya mazoezi, ni ya hospitali. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo hapa kwetu.

Neva_Parklands

Mkufunzi, ongeza na hili kabla hujafunga somo: maumivu yanayosikika mahali pasipoumia. Neva za viungo vya ndani huingia uti wa mgongo kwenye vituo vilevile vya ngozi, na ubongo, uliozoea habari za ngozi, huitaja ngozi. Moyo husikika mkono wa kushoto, shingoni na kwenye taya. Kidole tumbo huanza kuuma kitovuni, na baada ya saa kadhaa kikahamia chini kulia pale uvimbe unapogusa ukuta wa tumbo. Mtu anayeumwa kitovuni, akapewa dawa ya minyoo tu, asiachwe peke yake usiku huo.

Fundi mwenye kifua kinachobana na mkono mzito, jasho baridi, aketi chini, atafune aspirini ya miligramu 300 kama haimdhuru, na gari litafutwe papo hapo. Asiendeshe mwenyewe wala asipande bodaboda.

Na mwanamke aliyekosa hedhi, tumbo la chini linauma, kisha ncha ya bega inaanza kuuma akilala: hiyo inaweza kuwa damu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, imefika chini ya kiwambo cha kupumulia, ambacho neva yake hutoka shingoni pamoja na ya bega. Bega halina kosa lolote. Asichuliwe, asipewe kidonge, asile wala kunywa njiani, na mkifika mapokezi semeni moja kwa moja "amekosa hedhi na bega linauma" ili asikalishwe kwenye foleni.